Wiki Tatu Kabla ya Runinga

Ikifika saa kumi jioni mtaa mzima ulikuwa unatulia. Fundi viatu anaweka nyundo chini. Muuza duka anageuza kiti chake kiangalie ndani, na mteja akija wakati huo atajijua mwenyewe. Akina mama wenye sufuria jikoni wanapunguza moto na kuomba mboga isiungue. Hapakuwa na msiba wala ibada. Ilikuwa tamthilia.

Ndani ya saluni, Vidole alikuwa amemsuka mteja wake, Mwalimu, nusu ya kichwa. Vidole lilikuwa jina la kazi. Wateja ndio waliompa kwa wepesi wa mikono yake, likamganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia siku ambazo hawajakosana. Siku hizi mama alikuwa halitumii. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, taulo kichwani, mkoba mapajani, na kinywa kimefungwa kwa makusudi.

Tamthilia yenyewe ilitoka nchi ya mbali sana, na majina ya wahusika wake yalikuwa ya kuvunja taya. Wanawake wa mtaa hawakujisumbua. Mume mrefu asiyevua koti hata akila walimwita Suti. Mke wake, mwenye macho ya kulia na mkufu mzito shingoni, walimwita Kidani. Katika mwaka mmoja mabinti kumi na moja wa mtaa ule waliolewa wakiwa na mkufu wa namna ile, na wanaume waliokuwa hawajawahi kumwambia mtu neno zuri walianza kusema "moyo wangu umekukalia" wakiwa wamebeba ndoo za maji. Lilikuwa neno la Suti. Halikuwapendeza wote midomoni, lakini wake zao walicheka na kuoga mapema.

Ila neno si la Suti peke yake. Suti wa kwao alikuwa anabwabwaja lugha yake. Yule aliyewaua watu kwa utamu alikuwa mtu wa hapahapa, aliyeketi kwenye studio mitaa miwili kutoka saluni na kumtilia Suti sauti ya Kiswahili. Watu walimwita Asali. Sauti yake ilikuwa kila mahali: kwenye tangazo la sabuni, kwenye tangazo la dawa ya kikohozi, na hata ukipiga simu kuulizia maji yaliyokatwa yatarudi lini, ni yeye aliyekuambia usubiri, ukasubiri kwa furaha.

Na Asali alikuwa wa Vidole.

"Ninakuuliza kwa mara ya mwisho," mama alisema, tangazo lilipoingia. "Leo saa kumi na mbili anakuja kukuchukua akupeleke kwao. Kwao ni wapi?"

"Mama, si nilikuambia. Ni safari ya kunitambulisha."

"Sikuulizi ni safari ya nini. Nakuuliza ni wapi."

"Anataka iwe zawadi. Nisijue mpaka nifike."

Mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mimi nimezaa watoto wanne na kuoza wawili. Mkwe wa kwanza alikuja na wajomba saba mpaka viti vikaisha. Wa pili alileta shangazi anayekoroma. Huyu wako nimemuona miezi minane, sijaona mjomba, sijaona dada, sijaona hata rafiki wa kumshikia mwavuli. Mtu gani asiye na mtu?"

"Mama, naye usimkaze sana," Mwalimu aliingilia kutoka kitini. "Mwanaume mwenye sauti ile, mimi ningemfuata hata kama kwao ni chini ya daraja."

"Wewe tulia usukwe."

Mama hakuwa mgumu kwa sababu hapendi tamthilia. Alikuwa mlevi wake kuliko wote. Tatizo ni kwamba hakuweza kumtenga Asali na Suti moja kwa moja. Wiki Suti alipompiga kofi shemeji yake, mama alikataa kuitika salamu ya Asali siku mbili. Suti alipouza saa yake ili Kidani atibiwe, Asali aliletewa sahani iliyofunikwa. Kisha akili ilimrudia, akakumbuka habari ya wajomba.

Vidole alishika fungu lingine la nywele. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi, lakini macho yalikuwa kwenye runinga kuliko ya mtu yeyote mle ndani, kwa maana yeye alikuwa anaangalia kitu ambacho wengine hawakukijua.

Studio ilikuwa inarekodi wiki tatu mbele. Kilichorushwa leo, Asali alikwisha kukisema siku ishirini na moja zilizopita. Na alichokisema kule studio mchana, jioni alikuwa anamletea Vidole. Ndivyo alivyomtongoza. "Moyo wangu umekukalia" Vidole aliambiwa kwanza, pembeni ya bomba la kuoshea nywele, wiki tatu kabla nchi haijalisikia. Lilipotoka kwenye runinga na saluni nzima ikapiga kelele, aliona uso unamuwaka. Usiku ule alilia, kesho yake akamuuliza.

"Maneno wanaandika wao," Asali alimjibu, huku akimshika kidevu. "Lakini nikiyasema, wa kumwambia nimekuwa na wewe tu. Ungetaka niyaseme kwa ukuta?"

Akamsamehe. Zaidi ya kumsamehe, alianza kulipenda jambo lenyewe. Nchi nzima inamwonea wivu Kidani, alijiambia, na Kidani anakuja nyuma yangu.

Basi ikawa hivyo. Asali alimwambia Vidole kuwa mikono ile haikuumbwa ihudumie watu, na Vidole akampa mwenye saluni taarifa ya kuacha kazi, ambayo ilikuwa inaisha leo. Wiki tatu baadaye Kidani akafunga duka lake la maua. Asali alimwambia simu yake ina kelele kuliko yeye mwenyewe, akamletea laini mpya yenye namba aliyoijua yeye na mama tu. Wiki tatu baadaye Kidani alitupa simu kwenye bwawa, wanawake wakapiga makofi. Kila mara Vidole alitabasamu peke yake kwenye kioo. Ni wiki hizi za karibuni tu ndipo tabasamu lilipoanza kukwama, maana alianza kuona kuwa Kidani haongei tena na mtu yeyote isipokuwa mume wake. Aliwahesabu watu ambao yeye mwenyewe alizungumza nao nje ya kazi. Alibaki na mama.

Tangazo liliisha. Suti alikuwa amesimama dirishani, koti mwilini. Kidani alikuwa nyuma yake. Tamthilia ile ilikuwa ya mwendo wa konokono, mtu akishika kitasa Jumatatu mlango unafunguka Alhamisi, kwa hiyo Suti alichukua muda wake kugeuka. Akaushika uso wa mkewe kwa mikono miwili.

"Chukua begi dogo tu," sauti ya Asali ilisema. "Vingine vyote unavyovihitaji ninavyo mimi."

Muziki ukapanda. Kipindi kikaisha hapohapo.

"Jamani!" Mwalimu alijipiga paja. "Jamani, kuna watu wanapendwa!"

"Anampeleka wapi?" mwanamke wa chini ya draya aliuliza kwa sauti kubwa, kwa kuwa hasikii.

"Popote, bibi wee! Popote!"

Vidole alikuwa amesimamisha mikono. Chini ya meza ya vitana palikuwa na begi dogo la bluu. Ndani mlikuwa na nguo za siku tatu, vyeti vyake vya shule, cheti cha kuzaliwa na pasipoti, kwa kuwa Asali alimwambia asiviache. Neno la begi alilisikia wiki tatu zilizopita, na usiku uleule akalitafuta begi. Leo alilisikia likitoka kwenye runinga, akamtazama Kidani usoni. Mwigizaji yule alikuwa analia machozi ya furaha. Lakini macho yake, pale alipoambiwa begi dogo, yalikwenda mlangoni.

"Nakuja," Vidole alisema. "Uzi umeisha. Naufuata dukani mara moja."

"Unaniacha hivi?" Mwalimu alishika upande wa kichwa uliokuwa umesimama wima. "Nusu mwalimu, nusu mfungwa? Na uzi si ule pale mezani?"

Lakini Vidole alikwisha kutoka.

Studio ilikuwa juu ya karakana ya mafriji, unapanda ngazi nyembamba zenye harufu ya gesi. Ndani ukuta wote ulibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mwenye kushika mitambo alikuwa mwanamke mtu mzima, Mama Mitambo, vipokea sauti vikubwa juu ya kitambaa chake cha kichwa, karanga za kukaanga kwenye bakuli ambazo hathubutu kuzitafuna taa nyekundu ikiwaka. Alipomuona Vidole mlangoni aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha kigoda.

Ng'ambo ya kioo, Asali alikuwa amewapa mgongo. Mbele yake palikuwa na runinga na karatasi. Vidole alikiangalia kisogo kile ambacho alikuwa anakinyoa kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kweli alimpenda. Alimpenda hata pale, hata wakati ule. Kama angegeuka na kutabasamu, pengine habari ingeishia hapo.

Kwenye runinga ya kule ndani, Suti na Kidani walikuwa ndani ya gari. Kidani alikuwa na begi mapajani. Alifungua mdomo, na kwa kuwa sauti yake ya kike ilikuwa inarekodiwa siku nyingine, Mama Mitambo alibonyeza kitufe na kumsomea Asali maneno yake kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Tunakwenda wapi?"

Asali akavuta pumzi. "Pale ambapo hakuna anayekujua ila mimi."

Alilisema kwa kicheko chepesi. Akatikisa kichwa, akaomba lirudiwe. Mara ya pili alilishusha chini, taratibu, akaweka pumzi kidogo kabla ya "ila". Mara ya tatu alilisema kwa huzuni.

"Ya pili," Mama Mitambo alisema kwenye kipaza sauti. "Ya pili ndiyo. Pumzika dakika kumi." Akazima, akavua vipokea sauti, akachota karanga. "Haya binti, umemfuata mwenyewe? Anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuvuta hewa. Nimwite?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kwako." Vidole alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa nyembamba. "Nisaidie kitu kimoja. Wakifika kule, Kidani anakuwaje?"

"Unataka nikuharibie utamu?"

"Niharibie."

Mama Mitambo alicheka, akajifuta chumvi. "Hakuna utamu wa kuharibu. Hafiki. Kile ndicho kipindi chake cha mwisho. Nasikia mwigizaji mwenyewe alimaliza mkataba, au waligombana huko kwao, sijui. Kipindi kinachofuata Suti anarudi peke yake."

"Na watu hawamuulizii?"

"Anaulizwa na jirani mmoja, mara moja. Anasema mkewe amesafiri. Basi. Wiki inayofuata wanaleta mwanamke mwingine, mwembamba, mfanyakazi wa benki. Utaona, siku kumi tu hapa mtaani hakuna atakayemkumbuka Kidani."

Vidole alishika ukingo wa kigoda. "Na kabla yangu," alisema, "Asali alikuwa na nani?"

"Ah, hayo ya wenyewe bwana."

"Mama, tafadhali. Leo jioni naondoka naye."

Mkono wa Mama Mitambo ulisita ndani ya bakuli. "Alikuwapo mmoja," alisema. "Wa duka la dawa kule chini. Mtu mpole sana. Wakati ule tulikuwa na tamthilia nyingine, ya yule daktari mjane. Alikuwa anatuletea chai hapa, anakaa palepale ulipokaa. Mara akaacha kazi, akapunguza kuja. Sote tulijua anaolewa."

"Yuko wapi sasa?"

"Alisafiri."

Neno lilitoka tu, kama linavyotoka kwa mtu yeyote. Kisha Mama Mitambo akalisikia mwenyewe. Akaacha kutafuna.

"Nani alikuambia amesafiri?" Vidole aliuliza.

"Si yeye Asali."

"Ulimpigia simu?"

"Nilimpigia. Nilikuwa na kikombe chake hapa, nikataka akichukue. Namba ilikuwa haipatikani. Alikuwa amebadilisha laini muda kidogo kabla ya..." Hakumalizia. Alitazama mlango wa nyuma, akaufuata kwa macho mpaka alipohakikisha umefungwa. Aliposema tena, alinong'ona. "Binti yangu, mimi nina miaka miwili nistaafu. Mimi hapa sijakuambia kitu. Umenielewa? Shuka taratibu. Ngazi zinapiga kelele."

Vidole alirudi saluni bila uzi. Alimsuka Mwalimu upande uliobaki, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikosea mistari, akafumua, akarudia. Mwalimu aliguna. Mama hakuguna, alimtazama mwanawe kwenye kioo, akamtazama tena.

Akilini mwa Vidole wanawake wawili walikuwa wanagombana. Mmoja alisema: kimbia. Mwingine alisema: wewe ni mjinga, mtu kasafiri tu, watu wanasafiri kila siku, laini zinabadilishwa kila siku, na mwanaume huyu alikaa nawe akikuwekea vichupa vya maji ya moto tumboni ulipokuwa mgonjwa, hata tamthilia haikuwa na kipindi cha namna hiyo. Yule wa pili ndiye aliyekuwa na nguvu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anapenda. Mwishowe wakakubaliana jambo moja. Atamuuliza swali lilelile la Kidani. Akimjibu kitu kingine chochote, akitaja mji, akitaja shangazi, akisema hata "utajua mbele ya safari", atabeba begi lake na kumfuata, na Mungu amsamehe kwa kumfikiria mabaya. Alilitamani sana jibu la namna hiyo. Hata la uongo angelipokea, mradi liwe la kwake.

Saa kumi na mbili kasorobo gari jeupe lilisimama nje ya kioo cha mbele cha saluni. Jua lilikuwa bado lipo. Asali aliingia akiwa amevaa shati jipya, akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kavu.

"Hamjambo, dada zangu." Dada zake walikuwa hoi kwa vicheko, mmoja alificha uso kwa kitana. Asali alimgeukia Vidole, na macho yake yakalegea kwa namna ambayo siku zote ilimfanya asahau alichokuwa anasema. "Uko tayari?"

Vidole alilitoa begi chini ya meza, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza.

Draya ilikuwa imezimwa, na nje mtu alikuwa anamuita mtoto. Asali alimtazama, akavuta pumzi.

"Pale ambapo hakuna anayekujua..." na hapo akaweka pumzi kidogo, "ila mimi."

Ya pili. Ile iliyochaguliwa.

"Aaah!" ilitoka kwa wanawake wote kwa pamoja. Mwalimu alishika kifua. Mwanamke wa draya, safari hii amesikia vizuri, alianza kulia waziwazi. Nao hawakuwa na kosa. Neno lile hawakuwahi kulisikia popote. Kwao lilikuwa limezaliwa pale, mbele ya macho yao, kutoka moyoni mwa mtu.

Vidole akamgeukia mama yake, mtu pekee wa kumtegemea, aliyekuwa akimkataza miezi minane.

Mama alikuwa ameinuka. Taulo limemwangukia mabegani, macho yamejaa maji.

"Basi," mama alisema. "Basi, yameisha. Nimekubana vya kutosha, Vidole wangu." Akamsogelea, akalitwaa begi mikononi mwake. "Mwanaume anayeweza kusimama mbele ya wanawake watano na kusema hivi, wajomba wa nini? Marehemu baba yako hakuwahi kuniambia neno kama hili mpaka anaingia kaburini. Nenda, mama. Nenda upendwe."

"Mama, lete begi."

"Nitalibeba mwenyewe. Niache nikusindikize kwa mkono wangu."

"Mama, hapana!"

Lakini mama alikwisha kuvuka mlango, miguu mepesi kama msichana, akafungua mlango wa nyuma wa gari na kuliweka begi kitini. Vidole alimkimbilia. Alipoingiza mkono kulichukua, mkono mwingine ulikuwa umetangulia. Asali alikuwa upande wa pili wa kiti, ameinama, ameshika mkanda wa begi.

"Kaa mbele, mpenzi wangu," alisema kwa upole. "Nikikuona pembeni yangu ndipo njia inakuwa fupi."

"Hilo aliambiwa Kidani walipotoka harusini," Vidole alisema. "Nipe begi."

Asali alitabasamu. "Ukikasirika unanifanya nijione mtoto."

"Hilo ni la siku ya mvua. Wewe nilikuandalia chai siku uliponiambia, nikalia jikoni." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nakupenda. Unajua kuwa nakupenda. Niambie neno moja tu la kwako. Lolote. Niambie kwenu ni wapi."

Tabasamu lilikaa usoni mwa Asali, likakaa, likakosa pa kwenda. Mama alikuwa amesimama hapohapo, kiganja juu ya paa la gari, bado anacheka kwa macho kama mtu anayeangalia wapendanao wakidekezana. Ndani ya saluni wanawake walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo.

Kisha Asali akavuta mkanda, na uso wa Vidole ukasogea karibu na wake.

"Nani amekuambia?"

Haikuwa sauti ya Suti. Haikuwa ya sabuni, wala ya dawa ya kikohozi, wala ile ya pembeni ya bomba. Ilikuwa nyembamba na ya puani, haina kupanda wala kushuka. Vidole alikuwa na mtu huyu miezi minane na hakuwahi kuisikia. Aliielewa mara moja kuwa ndiyo yake ya kuzaliwa.

Na alielewa jambo jingine. Mtu asiye na kitu cha kuficha angeuliza, "Kuambiwa nini?"

Vidole, akiwa anaona akilini ngazi nyembamba za studio na bakuli la karanga, aliuma midomo asije akajibu hata kwa macho. Aliuachia mkanda.

Alihisi mkono unamshika juu ya kiwiko, kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Ulikuwa wa mama. Kicheko kilikuwa kimemtoka machoni. Alikuwa hamtazami Asali kabisa. Alikuwa anaangalia mlango wa saluni, hatua kumi na mbili kutoka pale, kama mtu anayeupima.

"Vyeti vyangu vimo mle, Mama," Vidole alinong'ona.

"Viache."

"Mama..."

"Nimeisikia sauti yake," mama alisema, midomo haitikisiki. "Ingia ndani. Usikimbie. Tembea tu."

Walitembea. Nyuma yao walisikia mlango wa gari ukifungwa, kisha wakangoja kusikia injini ikiwashwa, na haikuwashwa.